Siku Saba Kisiwani Myst

Siku ya 1: Gatini

Myst, mchezo wa kompyuta wa mafumbo, hauanzi kwa maelekezo. Mtu anaporomoka gizani, kitabu kinaanguka naye, na ukikifungua unaona picha inayotembea ndani ya ukurasa. Iguse. Papo hapo umesimama kwenye gati la mbao, maji yamekuzunguka, mlingoti wa meli iliyozama unachungulia majini, wala hakuna wa kumwuliza kitu. Hakuna adui, hakuna muda unaokimbia, na hakuna namna ya kufa. Basi usiwe na haraka.

Myst ilitoka Septemba 1993 kwa kompyuta za Macintosh, kazi ya ndugu wawili Wamarekani, Rand na Robyn Miller, na kampuni yao Cyan. Toleo lile la kwanza ni picha zilizotulia, zipatazo 2,500, zilizoshonwa pamoja kwa programu ya HyperCard: unabofya, picha moja inaipisha nyingine. Hapo ndipo mgeni anapopotea. Kuna mahali ambapo kubofya mara moja hukugeuza robo duara, na pengine nusu nzima, na mlango uliokuwa kushoto unautafuta kulia. Dawa ni moja: kila unaposimama, zunguka mpaka urudi ulikoanza, ndipo usogee. Ule mshale wa radi unaorukisha picha za katikati uzime siku hizi za mwanzo.

Matoleo ya baadaye hukuruhusu kutembea huru, na lile la 2021 la kompyuta lina chaguo la kuchanganya majibu ya mafumbo. Namba zilizomo humu ni za mafumbo ya asili. Ukiwasha chaguo hilo, hazitafungua kitu.

Vya kuwa navyo mkononi: daftari la mirabaraba, penseli, na hedifoni. Hedifoni si anasa. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini Myst humdai mtu na masikio, na anayecheza huku sauti imezimwa hukwama siku ya nne na ya sita bila kujua kwa nini. Weka na simu karibu ya kurekodia sauti.

Kazi ya kwanza ni kutafuta swichi za alama. Ni vinguzo vifupi vyenye mpini mdogo, kimoja mbele ya kila mahali muhimu: gatini, juu kwenye gia kubwa, kwenye ukumbi wa nyota, kwenye bwawa lenye nguzo, kwenye roketi, kwenye jengo la matofali, kwenye kibanda cha magogo, na kwenye mnara wa saa. Jumla 8. Kila unayoifikia, iwashe, halafu chora kisiwa kizima daftarini na utie alama ilipo.

Njiani kuelekea maktaba kuna karatasi majanini. Ni barua ya Atrus kwa mkewe Catherine: amemwachia ujumbe katika chumba kilicho kando ya gati, na ufunguo wake ni idadi ya swichi za kisiwa. Rudi gatini, shuka kile chumba, fungua paneli iliyo ukutani karibu na mlango, ingiza 08. Wengi huishia hapo wakaona namba imekataa. Haijakataa. Bado unatakiwa kwenda kwenye chombo chenyewe katikati ya chumba na kubonyeza kitufe chake. Atrus anatokea, anasema vitabu vyake vimechomwa, anamshuku mmoja wa wanawe, na anakumbusha habari za kuzungusha mnara. Neno hilo la mnara liandike.

Maktaba ndiyo moyo wa kisiwa. Rafu imejaa vitabu vilivyoungua, lakini vichache vinasomeka. Vinne ni shajara za dunia nne alizozitembelea Atrus: Stoneship, Mechanical, Channelwood na Selenitic. Zisome zote hata kama huelewi, na unakili michoro miwili bila kukosea: makundi ya nyota yaliyomo katika shajara ya Stoneship, na kinanda chenye funguo tano zilizopewa namba katika shajara ya Selenitic. Kitabu cha tano kina michoro ya mirabaraba iliyojaa kurasa kwa kurasa. Hicho usikinakili. Jua tu kwamba kipo.

Pembeni vimelala vitabu viwili, chekundu na cha buluu, na ndani ya maktaba mna ukurasa mmoja wa kila rangi. Utie kila mmoja kwenye kitabu chake. Katikati ya chenga za skrini anaonekana kijana amefungwa humo: Sirrus kwenye chekundu, Achenar kwenye cha buluu. (Robyn Miller mwenyewe ndiye Sirrus, Rand ni Achenar na pia ni Atrus.) Kila mmoja anaomba kurasa za rangi yake, na kila mmoja anamtupia nduguye lawama. Kwa leo huna ushahidi wa upande wowote.

Siku ya 2: Mnara

Siku fupi, lakini kila kitu kinachofuata kinatoka hapa. Ukutani maktabani kuna ramani ya kisiwa. Itaonyesha tu sehemu ambazo swichi zake zimewashwa. Sehemu isipoonekana, tatizo haliko kwenye ramani. Umesahau swichi nje. Shikilia alama ya mnara: mstari unazunguka polepole. Ukiwa mwekundu, umelenga mahali penye siri. Uachie hapohapo.

Sasa gusa picha iliyochorwa rafu ya vitabu. Mlango wa maktaba unajifunga na rafu inafunguka kuwa njia. Ndani kuna lifti ya kupanda mnarani, na juu kuna ngazi mbili. Moja inakupeleka kwenye dirisha linaloonyesha ulicholenga; ya pili inakupeleka kwenye bamba lenye ufunguo wake. Ufunguo ni maandishi, si chuma. Shuka, gusa picha ya pili ili kutoka, lenga pengine, panda tena. Mara nne.

Meli inatoa tarehe tatu: Oktoba 11, 1984, 10:04 asubuhi, Januari 17, 1207, 5:46 asubuhi, Novemba 23, 9791, 6:57 jioni. Gia inatoa 2:40 na namba 2, 2, 1. Mti unatoa 7, 2, 4. Roketi inatoa volti 59.

Angalizo moja kwa sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili. Saa hizi ziingize kama tarakimu zilivyo, pamoja na alama zake za AM na PM. Mtu aliyeandika daftarini “saa nne na dakika nne asubuhi” akirudi kuingiza 4:04 atapata anga jingine kabisa, na hakuna chombo kitakachomwambia amekosea.

Siku ya 3: Stoneship

Kwa mgeni, hii ndiyo dunia nzuri ya kuanzia. Inafundisha tabia ya mchezo wote: unachokiona hapa kinafungua kule, na maji au umeme ukiupeleka upande mmoja, upande mwingine unakosa.

Ingia ukumbi wa nyota, zima taa, kaa kwenye kiti, tazama juu. Sukuma vidhibiti vya mwezi, siku, mwaka na saa hadi tarehe ya kwanza, bonyeza, na nyota zinajipanga. Linganisha na michoro uliyonakili. Tarehe ya kwanza ni jani, ya pili ni nyoka, ya tatu ni mdudu. Nenda kwenye bwawa lenye nguzo, bonyeza alama hizo tatu tu, na uhakikishe nyingine zimezimwa. Meli ndogo ya mfano inaibuka bwawani, na ile kubwa gatini inaibuka vilevile. Kitabu cha kuingilia kimo ndani yake.

Ng'ambo unakuta meli iliyokatwa vipande na mwamba, mnara wa taa uliojaa maji, na kimwavuli chenye vitufe vitatu. Kila kitufe ni pampu ya sehemu moja, na sehemu moja tu ndiyo inayoweza kukauka kwa wakati. Cha kulia hukausha mnara wa taa, cha kati mapito ya vyumba vya chini, cha kushoto chumba cha ndani ya meli.

Anza kulia. Teremka mpaka sakafu ya mnara wa taa, kuna sanduku lenye koki ubavuni. Fungua koki, maji yaliyomo yatoke, halafu FUNGA koki. Hapa ndipo watu wanapoharibikiwa: wanafungua, wanaondoka, sanduku linajaa tena na kubaki chini. Koki ikiwa imefungwa, sanduku ni boya. Rudi kwenye kimwavuli, rudisha maji mnarani, na sanduku litaelea hadi juu, jirani na ufunguo uliofungwa kwa mnyororo sakafuni. Lifungue, chukua ufunguo wa ndani, panda ngazi, fungua kufuli la mlango wa juu. Huko kuna jenereta ya mkono. Zungusha mpini mpaka betri ijae. Betri hiyo huisha, kwa hiyo taa zikikuzimikia huko chini usidhani umeharibu fumbo. Rudi uzungushe tena.

Kitufe cha kati sasa. Mapito yakikauka unafika vyumba vya wale ndugu wawili. Hapa usitafute kurasa tu. Tazama wanaishije. Chumba cha Sirrus kimejaa vitu vya thamani. Cha Achenar kina vitu vya mifupa. Hakuna anayekueleza maana yake, na hiyo ndiyo njia ya Myst ya kusimulia. Humohumo kuna nusu ya karatasi iliyochanwa. Nakili kila neno.

Ukiwa njiani kwenye mapito hayo, tazama kuta: paneli moja ni mlango uliofichwa, na nyuma yake kuna dira kubwa ya sakafuni yenye vitufe 32. Jibu lake liko nje, kwenye darubini iliyo juu ya mwamba. Izungushe mpaka uone taa inayomweka. Iko kwenye nyuzi 135. Vitufe 32 vinagawa duara kwa nyuzi 11.25 kila kimoja, hivyo 135 ni cha 12 ukihesabu kutoka kaskazini kuelekea mashariki, yaani kusini-mashariki kamili. Ukikosea unazima umeme, na kazi ya jenereta inaanza upya. Ukipatia, taa za chini ya bahari zinawaka. Bonyeza kitufe cha kushoto cha pampu, shuka ndani ya meli, na kitabu cha kurudi kiko mezani.

Kumbuka: unaweza kubeba ukurasa mmoja tu. Ukiwa na mwekundu ukagusa wa buluu, mwekundu unarudi ulikotoka. Ili kupata wa pili itabidi urudi tena Stoneship. Ni usumbufu, na pengine ndiyo kanuni iliyozeeka vibaya kuliko zote katika mchezo huu. Lakini safari ya pili ni nyepesi, kwa sababu mengi uliyoyafungua yanabaki wazi.

Siku ya 4: Mechanical

Usiende Selenitic kabla ya leo. Mchezo haukukatazi, na wengi huingia huko mapema kwa kuvutiwa na roketi. Sababu ya kungoja itaonekana siku ya sita.

Ufukweni mkabala na mnara wa saa kuna magurudumu mawili ya kuzungusha mishale. Weka 2:40: mshale mfupi karibu na 3, mrefu kwenye 8. Bonyeza kitufe, na gia zinapanda kutoka majini kuwa daraja. Hakikisha swichi ya alama ya mnara huu nayo imewashwa. Ndani kuna mashine yenye namba tatu na mipini miwili. Kila mpini huzungusha gurudumu la kati pamoja na moja la pembeni. Ukiushikilia bila kuuachia, la kati huendelea kuzunguka peke yake. Maliza kwanza ya juu na ya chini kwa kuvuta na kuachia, halafu rekebisha la kati mwishoni kwa kushikilia, mpaka usome 2, 2, 1. Ukifanya kinyume utazunguka humo kutwa. Uzito wa mashine ukifika chini, mpini wa nyuma unairudisha mwanzo. Jibu likikubali, gia kubwa iliyo juu ya gati inafunguka na kitabu kimo ndani.

Dunia yenyewe ni ngome ya chuma juu ya maji, na ngome hiyo inazunguka. Vyumba vya ndugu viko ndani, na kila kimoja kina kijichumba cha siri nyuma ya paneli, ambako ndiko kurasa ziliko. Ukifika kwa Achenar, usitoke upesi. Kuna kifaa kinachoiga ngome: picha ndogo ya ngome inayozunguka, na kila ikisimama upande mmoja inatoa sauti yake.

Kaa hapo. Hii ndiyo nusu saa yenye thamani kuliko zote katika safari nzima. Sauti ni nne: ya kaskazini, ya mashariki, ya kusini, ya magharibi. Rekodi kila moja kwa simu na utaje upande kwa mdomo wako baada ya sauti. Halafu iandike daftarini kwa herufi zako mwenyewe, vile sikio lako linavyoisikia, kama ni “ting” au “fyuu” au “kong”. Usinakili herufi za mtu mwingine. Sauti uliyoiandika mwenyewe ndiyo utakayoitambua baada ya siku mbili. Jipime: geuza macho pembeni, zungusha, sikiliza, taja upande, ndipo utazame. Ukipatia mara kumi mfululizo, endelea.

Kuzungusha ngome yenyewe kunahitaji kufika kwenye vidhibiti vyake, na vimefichwa kwa ujanja mzuri. Kwenye ukumbi wa nyuma kuna kitufe chekundu kinachoteremsha ngazi. Shuka, geuza lifti kwa mpini mpaka uwazi wake utazame upande wa kupandia, rudi juu, rudisha ngazi, zunguka hadi kwenye lifti. Panda nayo juu. Kisha bonyeza kitufe cha katikati na utoke nje mara moja, kabla haijaondoka. Lifti inashuka bila wewe, na vidhibiti vya ngome vinatokea juu ya paa lake. Anayebaki ndani hushuka nayo na kuapa hakuna kitu.

Vidhibiti havina picha. Vina sauti tu. Shikilia mpini, achia, sikiliza: upande gani huo? Ukipata kaskazini, shuka, toka mlangoni, na kwenye kisiwa kidogo utaona alama mbili. Ukipata mashariki, alama mbili nyingine. Zichore kwa uangalifu, maana zinafanana. Rudisha ngome kusini ulikoingilia, ingiza alama zote nne kwenye paneli iliyo nje, na ngazi ya kushukia kwenye kitabu cha kurudi inafunguka.

Siku ya 5: Channelwood

Siku ya kupumzisha kichwa. Kibandani kuna sefu: 7, 2, 4. Ndani mna kiberiti. Washa njiti na uipeleke upesi kwenye boila, maana inaungua mpaka mwisho na kuzima. Moto ukishika, zungusha gurudumu kuongeza mvuke. Sikiliza vishindo vya nje: ni mti mkubwa unapanda, na ndani yake kuna nafasi ya kuingia mtu. Ukipanda sana, punguza mvuke, toka nje, ungoje ushuke hadi usawa wa ardhi, ingia. Utaendelea kushuka hadi chini ya ardhi, kwenye kitabu.

Channelwood ni msitu unaoota majini, na kila mashine yake huendeshwa kwa maji ya bomba. Nenda kwanza kwenye kinu cha upepo, fungua koki. Baada ya hapo kila njiapanda ya bomba ina kigeuzio cha kupeleka maji kushoto au kulia. Fuata bomba kwa mguu kutoka kinuni hadi kwenye lifti unayoitaka na urekebishe kila njiapanda moja moja. Bomba lenye maji linavuma. Lililo kimya ni kavu. Lifti ya kwanza inakupandisha kwenye vibanda vya mitini. Huko tafuta mpini unaofungua mlango wa ngazi ya mzunguko. Ngazi hiyo ikiwa wazi, shuka ugeuze maji kwenda lifti ya pili, inayofika ghorofa ya ndugu. Lifti isipoondoka, mara nyingi kosa ni dogo: mlango wake haujafungwa.

Katika chumba cha Sirrus kuna nusu ya pili ya ile karatasi. Ziunganishe. Maneno yake yanasema hazina imefichwa mahali pa wazi kabisa kisiwani Myst: washa swichi zote za alama, kisha nenda gatini uzime ya hapo. Usiifanye leo.

Kwa kutoka, inua daraja lililozama, zungusha mpini unaorefusha bomba mpaka likutane na lenzake, peleka maji huko, panda.

Siku ya 6: Selenitic

Umeme kwanza. Chini ya jengo la matofali kuna swichi 10 za jenereta, na roketi inataka volti 59 kamili. Washa moja moja na uandike kila moja inaongeza ngapi kabla ya kuanza kujumlisha. Mchanganyiko mmoja unaofanya kazi ni 16, 2, 22 na 19. Ukipita 59, breka zinaanguka na mshale wa upande wa roketi unasoma sifuri hata ukirekebisha. Breka ni mbili, kila moja juu ya mnara wake wa nyaya. Panda uzirudishe zote.

Ndani ya roketi kuna kinanda upande mmoja na vidhibiti vitano vya kusukuma upande wa pili. Piga funguo tano za mchoro wa shajara, kwa mpangilio, na urekodi. Kisha sogeza kila kidhibiti mpaka kilie sawa. Tofauti ya nusu noti inatosha kukufungia, na sikio huchoka upesi: cheza noti ya simu, kidhibiti, noti, kidhibiti, si tano kwa pamoja. Vuta mpini.

Huko ng'ambo kuna sehemu tano zenye sauti: maji, ufa wa moto, saa, fuwele zinazolia kama filimbi, na handaki la upepo. Kila moja ina kitufe cha kuwasha maikrofoni na alama yake. Washa zote tano. Ukisahau moja, antena haitaikamata kamwe, na utatumia saa nzima kulaumu mkono wako. Kurasa ziko kwenye sehemu hizi hizi: mwekundu kwenye fuwele, wa buluu kwenye maji.

Kwenye chumba cha antena, chagua alama, zungusha, fuata mishale inayomweka hadi sauti isikike safi. Maji ni nyuzi 153.4, moto 130.3, saa 55.6, fuwele 15.0, upepo 212.2. Zikipatikana zote, bonyeza kitufe cha jumla, chenye Σ, na mashine inazicheza kwa mpangilio: fuwele, maji, upepo, moto, saa. Mpangilio huo ndio unaoingizwa kwenye mlango uliofungwa. Sogeza kila kidhibiti mpaka kitoe sauti yake.

Nyuma ya mlango kuna kigari cha kwenda chini ya ardhi, katika mzingile wa reli gizani. Kuta zote zinafanana. Hakuna ramani. Kila kikisimama kinatoa sauti, na ukiwa na hedifoni unashtuka: ni zile zile za ngome. Aliyekaa kwa Achenar siku ya nne anasikia “kaskazini”, anageuza kigari kaskazini, anakwenda. Asiyekaa hapo ana kelele tu na giza, na wengi wamechora mzingile huu kwa penseli siku nzima bila kujua ulikuwa unawaambia njia.

Kuna mahali panapochanganya hata waliojiandaa: sauti mbili zinapolia pamoja. Hizo ni pande za pembeni. Sauti ya kusini ikiandamana na ya magharibi ni kusini-magharibi. Huambiwi popote, unaikisia mara ya kwanza, kigari kinakwenda, na tangu hapo unajua. Mapito yote, kwa aliyechoka: kaskazini, magharibi, kaskazini, mashariki, mashariki, kusini, kusini, magharibi, kusini-magharibi, magharibi, kaskazini-magharibi, kaskazini-mashariki, kaskazini, kusini-mashariki. Ukihisi umepotea, kitufe cha kurudi nyuma kinakutoa hatua moja moja. Usigeuze geuze ukidhani utakumbuka.

Siku ya 7: Mahali pa moto

Kufikia leo kila ndugu anaonekana vizuri zaidi, na kadiri chenga zinavyopungua ndivyo sura zao zinavyowasaliti. Ukikusanya kurasa tano za rangi moja, mwenye kitabu hicho anataja ukurasa wa 158 wa kile kitabu cha michoro. Rangi moja inatosha kumaliza mchezo, lakini kusikiliza upande mmoja ni kuacha nusu ya kisa. Rudi ukachukue na za pili.

Fungua 158. Chora mirabaraba 8 kwa 6 daftarini na ujaze vile ilivyo. Hii ndiyo sababu ya karatasi ya mirabaraba. Ingia mahali pa moto, bonyeza kitufe mlango ujifunge, ingiza mchoro, bonyeza tena. Ukikosea mraba mmoja hakuna kinachotokea, kwa hiyo hakiki kwa mistari, safu moja baada ya nyingine, si kwa kutazama umbo zima. Ukipatia, sehemu yote inazunguka na kukufikisha kwenye kijichumba chenye kurasa mbili za mwisho, nyekundu na buluu, na kitabu cha kijani.

Ni vyema kujua hili sasa: hakuna chochote ulichobeba kinachohitajika hapa. Anayejua 158 na siri ya swichi anaweza kufika mwisho siku ya kwanza, dakika chache tu baada ya kukanyaga gati. Safari yote ilikuwa ya kukujulisha.

Hifadhi mchezo kabla ya kugusa kitu. Ukimpa Sirrus ukurasa wake wa mwisho, yeye anatoka na wewe unabaki ndani ya kitabu badala yake; kwa Achenar ni hivyo hivyo. Kitabu cha kijani kina Atrus mwenyewe. Anakutahadharisha juu ya wote wawili na anaomba ukurasa mweupe. Ukimfuata mikono mitupu, mnabaki wawili mmefungwa D'ni, mahali alikokwama yeye, wala hakuna kurudi.

Kwa hiyo nenda kwanza gatini. Hakikisha swichi zote 8 zimewashwa, ile ya mnara wa saa ikiwemo, kisha zima ya gatini. Kijimlango kinafunguka kwenye nguzo ile ile uliyoipita siku ya kwanza. Ukurasa mweupe umo.

Rudi kwenye kitabu cha kijani, vuka, mpe. Atrus anautia kitabuni mwake, anaondoka kwenda kushughulika na wanawe, na anarudi baada ya muda mfupi. Anakuachia kisiwa na vitabu vyote uvitembelee utakavyo. Ukirudi maktabani tazama pale vilipokuwa vimelala kitabu chekundu na cha buluu. Pamebaki alama mbili za kuungua.